Chura wa Ndiva

Mwiba ni kitu kidogo. Mtu huukanyaga, akasema si kitu, akaendelea na safari yake. Siku ya tatu mguu umevimba kama mgomba. Ndivyo yalivyomfika Mzee Melkizedeki wa Myamba, mkuu wa ndiva, enzi za Mwingereza.

Ndiva ni bwawa la udongo ambalo Wapare hujenga mlimani. Usiku maji ya kijito hujaa humo, na asubuhi kizibo kilicho chini ya ukuta hung'olewa, maji yakateremka kwa mfereji hadi mashambani. Melkizedeki aliitunza ndiva yake kama mboni ya jicho. Aliyekwepa msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzoa tope, alitozwa mbuzi. Lakini aliyemkera kuliko wakwepaji wote alikuwa Aminieli.

Aminieli alikuwa mkulima mpole wa miaka thelathini, na alipenda mchezo mmoja tu: kuzamia. Kila Jumapili baada ya ibada alishuka mtoni penye kina, akazama huku wenzake wakihesabu kwa sauti. Wakitupa jembe bovu majini, alilitafuta kwa vidole, macho yamefumbwa, akaibuka nalo akicheka.

Siku moja Melkizedeki alimkuta ndani ya ndiva.

"Toka! Maji ya mahindi ya watu umeyafanya ya kuogea?"

"Shikamoo, mzee. Nilikuwa napapasa kizibo. Kuna gogo limelala karibu nacho, likisogea litaziba njia. Niruhusu nilitoe. Tena niruhusu nimfundishe Nathanaeli kuzamia. Ndiye atakayeshika ndiva baada yako, na maji hayajui cheo cha mtu."

"Mwanangu afundishwe na chura?" Melkizedeki aliwageukia watu waliofuatana naye. "Kazi ya ndiva ni jembe na udongo. Michezo waachie watoto. Wewe usikanyage hapa tena!"

Watu wakaangua kicheko, na tangu siku hiyo jina likawa Chura. Aminieli alitoka majini, akaenda zake bila kinyongo. Hata Eliwaza, mke wa Melkizedeki, alipougua homa, ni Chura huyo aliyemwekea mzigo wa kuni mlangoni, akaondoka bila kubisha hodi.

Masika yalikuja na hasira. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, gogo likasogea, likaziba njia ya maji. Melkizedeki aliona ukuta wa ndiva umeanza kutoa jasho. Chini yake palikuwa na nyumba saba zenye watoto. Akapiga baragumu, kijiji kikaja na majembe, lakini jembe gani lingefika chini ya maji?

"Baba Nathanaeli," Eliwaza akamsihi, "tuma mtu kwa Aminieli."

"Nimpigie magoti Chura mbele ya kijiji kizima?"

Nathanaeli, kijana wa miaka ishirini, alimtazama babaye, akaiona aibu yake, akamhurumia. Alivua shati, akajifunga kamba kiunoni.

"Nitaingia mimi, baba."

Melkizedeki alitaka kumkataza. Badala yake akaishika ncha ya kamba.

Kijana hakuwa amewahi kuzamisha hata kichwa. Alivuta pumzi kwa pupa, akatokomea. Kamba ilitikisika mara mbili, kisha ikakaza. Wakavuta, wakavuta tena. Ilikuwa imenasa kwenye gogo. Mayowe ya Eliwaza yalivuka kilima, na Aminieli akaja mbio, bila kuitwa. Aliweka shuka lake chini ya mgomba, akasimama kidogo kutuliza pumzi, kama afanyavyo Jumapili, akazama.

Watu walijikuta wanahesabu. Ilipofika sabini maji yalitetemeka, njia ikazibuka, yakaanza kunguruma mferejini. Ilipofika tisini Aminieli aliibuka na Nathanaeli mikononi.

Nyumba saba zilipona. Nathanaeli hakupona.

Aminieli alichukua shuka lake, akamfunika kijana hadi kidevuni, polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Yeye akakaa kifua wazi mvuani, karibu na Eliwaza. Hakutaja gogo, wala hakutaja jina la Chura. Melkizedeki alingoja alaumiwe, na lawama haikuja. Hilo ndilo lililomwuma hadi mifupani.

Kiangazi kilipofika, Melkizedeki alimshika mkono binti yake wa mwisho, Dina, akashuka naye mtoni.

"Shikamoo, mzee. Karibu."

"Marahaba... Aminieli." Lilikuwa jina asilolitamka siku nyingi. "Mfundishe huyu."

Dina aliingia majini akicheka, akazama. Wenzake Aminieli wakaanza kuhesabu: moja, mbili, tatu. Melkizedeki alikaa juu ya jiwe, akaziba masikio kwa viganja vyote viwili, maana kila hesabu ilimkumbusha pumzi ambayo mwanawe hakufundishwa kuishika.

Mdharau mwiba, mguu huota tende.