Jiko la Bi Sikudhani na Bomba la Mselemu

Mselemu, tajiri wa kiwanda cha saruji, alijiandikisha kwa hiari kupunguza moshi. Siku ya kuja wageni wa kutoa tuzo ya hewa safi alimwendea Bi Sikudhani, mpishi wa vibarua wake.

“Bibi, zima jiko. Moshi wako utaniaibisha.”

“Na bomba lako lile la moshi, baba?”

“Lile ni hiari, nitapunguza nikipenda. Lako ni amri, ama nalivunja!”

“Haya, nimezima. Usijitaabishe.”

Wageni walifika adhuhuri wakakuta bomba halitoi hata uzi wa moshi. Vibarua walikuwa wamejilaza chini, wakiapa hawachochei tanuri wakiwa na njaa.

“Ajabu! Nani kalizima bomba hili?” akauliza mgeni mmoja.

“Mimi, baba,” akajibu Bi Sikudhani. “Kwa kuzima jiko langu tu.”

Akapewa yeye kombe la tuzo. Kesho yake Mselemu alimletea kuni mwenyewe, naye bibi akachemshia maharage humo kombeni.