Jini wa Kuazima

Katika zama ambazo wafalme walitishana kwa majini, mji wa Zumarani ulitawaliwa na Sultani Haithami, mtu karimu na mwenye haya kupita kiasi, na mji ule haukuwa na maji ila yale yaliyopandishwa kutoka bondeni kwa gurudumu la shaba, na gurudumu liliendeshwa na jini Shamhari, naye Shamhari aliazimwa kutoka kwa Sultani wa Kashgani, aliyemfunga kwa pete yake.

Siku moja mjumbe wa Kashgani akaja na amri: Zumarani iwafungie bandari watu wa Dumira, mahasimu wa bwana wake, la sivyo jini ataondoka mwezi ukiandama. Sultani Haithami alilia waziwazi, kwa kuwa nusu ya mji wake ilikuwa imeoa Dumira. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, na upepo ulikuwa umeshavuma.

Salhina, binti wa waziri mkuu, msomi wa hesabu na nyota, akaomba ashike chetezo. Ilikuwa desturi, kila jini alipolifungua gurudumu kulitengeneza, mtu amfukizie ubani, na watu wa Zumarani, kwa adabu na woga wao, walifumba macho mpaka amalize. Hapana mkataba uliowakataza kutazama; walijikataza wenyewe, masikini.

Salhina akafukiza macho wazi, na moshi ukamtoa machozi, wala hakugeuka. Jini akamwuliza kama haogopi.

"Naogopa sana," akajibu, "lakini kiu naiogopa zaidi. Endelea na kazi yako, bwana wangu."

Shamhari akacheka, akaendelea, tena polepole.

Mwezi ulipoandama, mjumbe akaambiwa bandari haifungwi, na jini akaenda zake. Gurudumu la kwanza aliloliunda Salhina kwa yale aliyoyaona likavunjika, na la pili likapiga kelele na kutoa nusu ya maji ya zamani. Sultani akayaonja.

"Tutakunywa nusu," akasema.

Mwana wa Sultani akamposa Salhina, na mawaziri, waliokwisha kuona fahari, wakashauri karakana ya Salhina ifungwe, siri isitoke, ili Dumira nao waje kuazima magurudumu. Salhina akasema mahari yake ni karakana isiyo na mlango. Wakaoana, na mafundi wakaja kutoka kila bandari, na utajiri ukaja nao.

Mwisho akaja yule mjumbe wa Kashgani, ameinamisha kichwa. Pete ilikuwa imevunjika, jini ametoroka, na huko hapana aliyejua zaidi ya kuamuru. Salhina akamkabidhi nyundo, akamwonyesha pa kuanzia. Aifungiaye elimu mlango, hujifungia nje mwenyewe.