Panzi Aliyezamishwa Kichwa

Paukwa.

Pakawa. Haya, sogeeni wote, karibu zaidi, nisikie mabega yenu.

Hapo zamani, zamani sana, mama Panzi alifukia mayai yake mchangani, akasawazisha, akakaa kando kuyalinda. Mara Chura huyo, amevimba kwa njaa.

"Bibie, mayai yako wapi? Nikikumeza sasa sitayajua yalipo."

"Mayai ni yangu. Sisemi."

"Nitakuvunja uti wa mgongo." Akambana, akautafuta, hakuna. Anagonga gumu tu.

"Mifupa yangu nimeivaa nje, Bwana Chura. Wewe yako umeificha, unaionea haya?"

Chura akamkamata mguu wa nyuma. "Mayai yako wapi?"

"Mayai ni yangu. Sisemi."

Akavuta. Panzi akauachia mguu wenyewe, pwachu, ukabaki mkononi mwa Chura. Uliuma, jamani, uliuma, lakini akasimama. "Chukua. Ninayo mingine mitano."

Hapo karibu ng'ombe alikuwa amekanyaga, kwenye alama ya kwato kukabaki maji kidogo, kiganja kimoja tu. Chura akamtumbukiza Panzi kichwa, akakikandamiza, tumbo likabaki nje. "Ukikosa pumzi utasema."

Akangoja. Jua likapanda. Akangoja. Msinibane hivyo, wanangu, Panzi hakufa. Tumbo lake lilipanda na kushuka, taratibu, kwa sababu Panzi hapumui kwa pua. Ubavuni ana vitundu vidogo vidogo, hewa inapita humo, na ubavu ulikuwa nje kwenye upepo.

Chura yeye hewa nyingine huivuta kwa ngozi, na ngozi hiyo sharti iwe na unyevu. Jua likaikausha, ikambana, akaanza kuhema. Akamtoa Panzi majini.

"Mayai," akasema, "yako... wapi?"

"Mayai ni yangu. Sisemi. Mbona unahema wewe, na aliyezamishwa ni mimi?"

Chura akalegeza vidole. Akamwachia, akajiburuta kurudi kinamasini.

Mvua ziliponyesha watoto wakatoka mchangani, wengi, kijani kitupu. "Mama, mguu wako mmoja uko wapi?"

"Nilimwachia Chura. Ninyi mnayo sita. Hesabuni."

Wakahesabu, naye akawatazama mmoja mmoja, kichwa juu.

Basi, usiupime mwili wa mwenzio kwa mwili wako. Na wako ujue ulivyo, usiuonee haya, ndio utakaokusimamisha siku ya hatari.

Hadithi yangu naifukia hapa. Utamu wake chukueni, uchungu niachieni mimi.