Siku ya Uji Usioonjwa

Niitikieni, nisimulie. Nchi ya Kitwea ilipopigwa na njaa miaka mitatu, zimwi liliwapa watu mtama, likasema: “Atakayeuonja kwanza ni wangu.”

Watu wakaafikiana mbuzi aonje. Mwasiti akainjika uji. Mumewe, Shekue, alipotoka kwenda kumleta mbuzi, alimwonya:

“Mke wangu, usionje!”

“Baba Hiza, kwani mimi mtoto? Kamlete huyo mbuzi wako!”

Akatia chumvi, akakoroga, na kwa mazoea ya mpishi akadondosha tone kiganjani, akalamba.

Shekue alikuta zimwi limekwishamshika. Akamvuta mara ya kwanza, akamvuta ya pili; ya tatu akabaki na mwiko mkononi.

Watu wakala, wakashiba, wakapiga ngoma. Shekue hakuwakataza. Walikuwa na njaa.

Hata leo, sikukuu ya mavuno, Kitwea nzima hunywa uji usioonjwa. Chumvi ikizidi, hakuna anayelalamika. Nami nimefika mwisho wake.