Aliyedai Kuinyamazisha Ardhi

Haya, fumbeni vinywa, fumbueni masikio!

Tumefumbua!

Hapo zamani, zamani ambayo hata babu wa babu yangu aliisikia kwa kusimuliwa, palikuwa na mji uitwao Kilangwi, juu ya kilima chekundu. Watu wa Kilangwi walikuwa hodari wa jambo moja: kujisifu. Walijisifia mtama wao, wakajisifia ng'ombe wao, wakajisifia hata kile kilima, utadhani wao ndio waliokibeba wakakitua pale.

Na ardhi yao haikuwahi kutikisika. Hata mara moja. Hata jina la kuliita jambo hilo hawakuwa nalo.

Humo aliishi Mize, mfinyanzi, mjane asiye na mtoto. Alichimba udongo katika shimo nyuma ya nyumba yake, akafinyanga vyungu, akafinyanga mitungi, akafinyanga vikaango. Mji mzima ulipikia kazi ya mikono yake, na mji mzima ulimwita "yule bibi wa matope." Ndivyo walivyokuwa, wajukuu zangu. Wanakula, kisha wanakucheka.

Siku moja, jua la utosi, Mize yuko shimoni na kijembe chake. Mara akasikia ngurumo. Si mawinguni, la! Chini! Kama jiwe la kusagia linaburutwa chini ya nyayo zake. Ardhi ikatikisika, tiki tiki tiki, udongo ukammwagikia mabegani. Mize akapiga ukelele. Kisha kimya. Kwisha. Muda wa kunywa kata moja ya maji, basi.

Akapanda juu, akatazama. Nyumba zote zimesimama. Mitungi mitatu imevunjika. Jogoo mmoja ameanguka kutoka paani, naye keshainuka, anawika. Lakini watu! Lo, mashujaa wa Kilangwi! Huyu amenasa kwenye ua wa miiba. Yule amempanda ng'ombe wake mwenyewe. Mwingine amejifunika ungo kichwani. Ungo, watoto! Kilima kikimwangukia, ungo ndio umwokoe!

Na Shebughe je? Shebughe alikuwa msemaji mkuu wa baraza, mwenye sauti ya ngoma na tumbo la ngoma vilevile. Hakuonekana. Alijitokeza baadaye, akitokea upande wa kihenge chake cha kuhifadhia nafaka, punje za mtama zimemganda ndevuni.

"Mmeona?" akauliza.

"Tumeona nini, Mzee Shebughe?"

"Nimeiambia ardhi inyamaze. Imenyamaza."

Wewe unacheka. Wao hawakucheka. Kila mmoja alikuwa na aibu yake ya kuficha, na uongo wa Shebughe ulikuwa mpana, uliwatosha wote kujificha nyuma yake. Wakapiga magoti. "Asante, Mzee! Umetuokoa, Mzee!"

Kesho yake wakaketi barazani. Aliyeinyamazisha ardhi ilimpasa amtaje aliyeikasirisha. Shebughe akanyoosha kidole.

"Ni huyu Mize. Kila siku anaichokonoa tumboni."

Mize akasimama. "Shimo lile alilichimba bibi yangu kabla hujazaliwa, Mzee. Mbona ardhi haikulalamika?"

"Ilikuwa inavumilia."

"Na ulipoinyamazisha, uliiambia maneno gani?"

"Maneno ya siri."

"Na ule mtama ndevuni, nao ulikuwa wa siri?"

Hakuna aliyetaka kuulizwa lililofuata. Basi wakalifukia shimo siku hiyohiyo, wakamwambia ahame. Mize akasimama na mkeka wake kwapani, akawatazama wanaomwaga kifusi. Miongoni mwao walikuwamo wanawake aliowashika mikono walipokuwa wakijifungua. Hilo ndilo lililomliza. Akashuka, akavuka bonde, akajenga kibanda kando ya kijito. Huko akapata udongo wa kijivu, mzuri kuliko ule wa kwanza.

Mwaka ukapita. Kule Kilangwi, chungu kikapasuka, mtungi ukavuja, kikaango kikamegeka. Kuchimba udongo ni mwiko, Shebughe kasema. Maji wakateka kwa vibuyu. Lakini kupika? Asubuhi mahindi ya kuchoma, jioni mahindi ya kuchoma. Na maharage, wajukuu zangu, hayachomeki! Mashujaa wakakonda. Wazee wasio na meno wakalala njaa, wanatazama gunzi.

Mwishowe wakavuka bonde, mji mzima, Shebughe mbele.

"Mize dada yetu," akaanza kwa sauti tamu, "tumekuja kuchukua vyungu."

"Vipo," Mize akasema. "Kila anayetaka aniambie mbele ya wenzake: siku ile alikuwa wapi?"

Mzee mmoja akakohoa. "Mimi nilijifunika ungo."

"Chukua chungu."

"Mimi nilimpanda ng'ombe."

"Chukua."

"Mimi nilikimbia, nikamwacha mama yangu kitandani," akasema mwingine, na huyu alilia.

"Nami," Mize akasema, "nilimwita mama yangu, aliyekufa miaka thelathini iliyopita. Chukua, ndugu yangu."

Akaja Mkasi, mke wa Shebughe, mtoto mgongoni. Akatazama mbele, si kwa mumewe.

"Nilikuwa nje ya kihenge na mwanangu. Nilimwambia mume wangu, tuingize. Akakishikilia kifuniko kwa ndani."

Mize akamchagulia chungu kikubwa kuliko vyote, akamtwika kwa mikono yake.

"Na wewe, Mzee Shebughe?"

Watu wote wanamtazama. Neno moja tu la kweli lingemtosha.

"Mimi," akasema, "nilikuwa naiambia ardhi..."

Mize akamgeuzia mgongo, akachukua donge la udongo, akaendelea kufinyanga. Watu wakamwomba arudi Kilangwi. "Nimeshajenga," akawaambia. "Njia mnaijua." Wakapanda kilima, vyungu vichwani. Shebughe akabaki kando ya kijito mikono mitupu, anasubiri mtu amwite. Hakuitwa.

Basi sikieni. Kuogopa si aibu, Mize aliogopa. Aibu ni kuogopa wewe, kisha ukamfukuza mwenzako kwa ajili ya woga wako.

Kisa changu kimefika mlangoni, nakifungulia kiende. Aliyekipenda akichukue, aliyekichukia asinirudishie.