Upepeo wa Malkia Asiyejulikana

“Apepewaye hajui uzito wa upepeo.” Mama yenu amenirushia neno hilo kutoka jikoni, kwa kuwa Riziki ananipepea na mimi nasinzia. Mwauliza limetoka wapi? Limeanzia papa hapa mjini, ndani ya makumbusho.

Palikuwa na upepeo wa manyoya ya mbuni, mpini wake wa mpingo, mrefu na mnene kama mchi. Kibao chake kilisema: “Huenda ulikuwa wa malkia.” Hiyo “huenda” ilimnyima Bwana Shekuwe usingizi. Binti yake, Tatu, alikuwa ameposwa, na shangazi wa bwana harusi, Bi Mgeni, alikuwa ametamka: ukoo usipojulikana, posa inarudi.

Bwana Shekuwe alijua upepeo ule ulitoka kwao. Akawaita Bi Mgeni na msimamizi wa makumbusho, Tatu akiwa nyuma yake.

“Malkia mwenyewe ni bibi yangu, Mwana Hidaya,” akasema.

“Ushahidi?” akauliza msimamizi.

“Bega! Bibi alikufa bega la kulia limeshuka. Kila jioni akilia, ‘Upepeo ule mzito, wanangu, umenimaliza.’ Mtaa mzima ulimsikia.”

Bi Mgeni akaomba kabati lifunguliwe. “Hebu kaa, Bwana Shekuwe, ujipepee kimalkia.”

Akaketi, akajaribu. Manyoya yakapangusa ukuta, mpini ukamwangushia kofia.

“Huo hushikwa na aliyesimama, akampepea aliyekaa,” akasema Bi Mgeni. “Na malkia gani huyo wa kulilia bega? Apepewaye hajui uzito wa upepeo.”

Bwana Shekuwe akabaki kitini, kofia i chini. Tatu akaiokota, akauliza.

“Basi posa imerudi, shangazi?”

“Irudi kwa lipi? Nilitaka ukoo unaojulikana. Malkia huyo hata jina hana. Bibi yenu analo, na kazi yake twaijua.”

Kibao kikabadilishwa: “Malkia: hajulikani. Aliyempepea: Mwana Hidaya.” Na siku ya harusi Bwana Shekuwe alishika kipepeo cha ukindu, akampepea Bi Mgeni mpaka akabadili mkono. Bi Mgeni, wala habari hana, anakula pilau.

Ndiyo hivyo, apepewaye hajui uzito wa upepeo. Haya Riziki, lete hicho kipepeo, nami nikupepee kidogo.