Kesi ya Tumbo la Sultani Jabiri

Hapo zamani, wakati kila mji ulikuwa na sultani wake na kila sultani alikuwa na kichaa chake, palikuwa na mji uitwao Pwazi, na aliyeutawala akiitwa Sultani Jabiri. Ada ya mji ule ilikuwa hii: mfalme haonekani akitafuna. Walisema kutafuna ni kazi ya mbuzi na watu wa chini. Basi Sultani alipokula hadharani alitia kinywani, akafumba midomo kwa heshima, akameza. Maadamu chakula chake kilikuwa uji na mchuzi, ada ile haikumdhuru mtu.

Ikawa siku moja mjane aitwaye Mwana Hidaya akateleka karai lake karibu na lango la jumba, akaanza kukaanga sambusa na kababu. Sultani akanusa, akaagiza, akaonja, na tangu siku ile hakutaka chakula kingine. Hakungoja hata mafuta yachuruzike. Sambusa zilitoka karaini zikaingia mfalmeni moja baada ya moja, nzima nzima, kwa haraka ya mtu anayefukuzwa. Kisha kikamshika kiungulia, tumbo likavimba, likawa linanguruma barazani mpaka mawaziri wakajizoesha kukohoa kwa pamoja ili kulifunika.

Sultani akasema mjane yule amemtilia sumu, akatoa hukumu mbele ya watu wote: "Atakayethibitika kulidhuru tumbo langu hatagusa chakula kwa siku arobaini, cha kupika wala cha kula, ila alishwe kwa mkono wa mwingine. Na asipoletwa mkosaji mwingine kesho asubuhi, basi ni Mwana Hidaya."

Mwana Hidaya akalia sana, maana alikuwa na wana wanne, na siku arobaini bila karai ni siku arobaini za njaa nyumbani kwake. Kilio kile kikamfikia Feruzi, fukara aliyelala nyuma ya tanuri la mwoka mikate, ambaye kila jioni mjane humpa sambusa zilizoungua. Feruzi akaona kwamba hapa hata yeye ana kesi.

Akaenda kwa Sultani, akaahidi kumkamata mkosaji. Akaomba chungu kimoja tu, na ruhusa kwamba kila kitakachoingia kinywani mwa mfalme, mfano wake uingie chunguni wakati uleule. Sultani akakubali. Adhuhuri ile hamu ikaishinda hofu ya sumu, akameza sambusa thelathini na kababu kumi, akashushia sharbati baridi, na Feruzi naye akavidondosha vivyo hivyo chunguni. Kisha akakifunika chungu, akakifunga mshipi, akakikalia ulinzi.

Asubuhi akaingia barazani akikivuta chungu kwa kamba iliyofungwa shingoni mwa chungu hicho, akiwaomba watu wampishe mshitakiwa. Kifuniko kikaondolewa. Juu palikuwa na utando mzito wa mafuta yaliyoganda, na chini yake sambusa zimelala nzima kama zilivyoingia. Harufu ikamfanya waziri mkuu akumbuke shughuli nyingine nyumbani.

"Hawa ndio wanaogombana tumboni mwako, Bwana wangu," akasema Feruzi. "Mafuta ni mgeni mzito, na tumbo humhudumia polepole. Kabla halijamaliza kumhudumia mmoja, thelathini wengine wanasukumana. Wakikosa njia ya kushuka hurudi juu, na huko juu ndiko unakoungua."

Sultani akauliza ni nani aliyewaingiza wazima namna ile.

"Mlangoni wamo walinzi thelathini na wawili, weupe, wenye afya, nao wamekatazwa kazi na ada yetu. Mwana Hidaya aliishia kwenye sahani. Aliyewatoa sahanini akawasukuma ndani yumo humu barazani."

"Mkamate," akasema Sultani.

Basi Feruzi akapanda hadi kwenye kiti cha enzi, akainama kwa adabu, akaufunga kamba mkono wa kulia wa Sultani.

Sultani akaitazama kamba. Hapo tumbo lake likanguruma, na safari hii hapana aliyekohoa. Sultani akaona haya, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka, akasema hukumu ni hukumu.

Ikawa siku arobaini mkono ule haukugusa chakula. Mwana Hidaya ndiye aliyemlisha Sultani kwa kijiko, samaki wa kuchemsha na ndizi laini, mbele ya watu, wala hakumpa kijiko cha pili kabla hajamwona ametafuna cha kwanza. Kiungulia kikaisha, na ada ikafa bila mazishi.

Feruzi alipoulizwa anataka tuzo gani, akaomba apewe sambusa zote ambazo Sultani angekula katika siku zile arobaini. Akapewa. Siku ya nne Mwana Hidaya akamkuta nyuma ya tanuri amejikunja, ameshika tumbo, akamuuliza ni nani aliyemdhuru.

Feruzi akauficha mkono wake wa kulia nyuma ya mgongo.